Alexander Fleming na Ukuta wa Bakteria

Miongoni mwa zana za kufundishia sayansi katika shule za msingi, zana isiyohitaji fedha wala kabati la kuhifadhia ni habari za maisha ya wataalamu. Mtoto husikiliza habari za mtu kwa hamu kuliko asikilizavyo maelezo ya kitu. Lakini zana hii, kama zana nyingine yoyote, huweza kutumiwa vibaya. Habari za Alexander Fleming ni mfano mzuri. Katika madarasa mengi maisha yake hufupishwa kuwa sentensi mbili: kwamba aliacha sahani yake bila kuiosha, ukungu ukaangukia humo, naye akapata penisilini. Mwanafunzi asikiaye hivyo hutoka darasani akiamini kuwa sayansi ni bahati nasibu, na kwamba yeye asiye na bahati hana sehemu yake humo.

Makala haya yanakusudia kumpa mwalimu mwanafunzi habari zilizo kamili zaidi. Yatakaa sana juu ya ugunduzi wa kwanza wa Fleming, ule wa kimeng'enya kiitwacho lisozaimu, ambao vitabu vingi huupita haraka. Sababu ni kwamba ugunduzi huo ndio uliomwandaa kwa ule wa pili, na kwamba vitu vyote viwili alivyovigundua hushambulia mahali pamoja, yaani ukuta wa seli ya bakteria.

Utoto na masomo

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, nchini Scotland. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima na mfugaji, na alikwisha kuwa mtu mzima sana alipomwoa mama yake Alexander, Grace Morton, akiwa mke wa pili. Baba huyo alifariki Alexander alipokuwa na umri wa miaka saba, na shamba likabaki mikononi mwa mama na watoto wakubwa.

Shule yake ya kwanza ilikuwa shule ndogo ya mashambani. Baadaye alisoma Darvel, akitembea maili kadhaa kila siku katika baridi na upepo, kisha Kilmarnock. Wengi walioandika habari zake wanakubaliana kwamba maisha hayo ya kuchunga, kuvua samaki mitoni na kutafuta viota vya ndege yalimzoeza kuona mambo madogo ambayo mtu wa mjini angeyapita. Hapo mwalimu wa shule ya kijijini ana jambo la kuzingatia. Mtoto ajuaye kutofautisha nyayo za wanyama, au majani ya mimea shambani, amekwisha kuanza somo la sayansi kabla ya kuingia darasani.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alihamia London kuishi na ndugu zake. Alisoma kwa muda, kisha akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya kampuni ya meli kwa miaka minne. Hakuipenda. Urithi mdogo kutoka kwa mjomba wake, na ushauri wa kaka yake Tom ambaye alikuwa daktari, vilimwezesha kuingia chuo cha utabibu cha Hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington. Alihitimu mwaka 1906, akajiunga na idara ya chanjo iliyoongozwa na Almroth Wright katika hospitali hiyohiyo. Kazi yake iliyobaki, ukiondoa miaka ya vita, aliifanya hapo St Mary's.

Somo la majeraha

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Fleming alipelekwa pamoja na Wright katika hospitali ya kijeshi mjini Boulogne, Ufaransa. Huko aliona askari wengi wakifa, si kwa risasi yenyewe bali kwa majeraha yaliyooza. Madaktari wa wakati ule walimimina dawa kali za kuua viini ndani ya majeraha wakidhani wanasaidia. Fleming alitaka kujua kama ni kweli. Alichukua neli ya kioo, akaipasha moto na kuivuta ili itoe miiba mirefu yenye uwazi ndani, mfano wa jeraha lenye mapango na pembe. Akatia humo viini vya ugonjwa, akamimina dawa, akaimwaga, kisha akajaza lishe mpya. Viini viliota tena, kwa kuwa dawa haikufika katika ncha za miiba. Tena alionyesha kwamba dawa hizo ziliziua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kwa urahisi kuliko zilivyowaua bakteria.

Kutokana na kazi hiyo alibaki na swali lililoongoza maisha yake yote: je, kipo kitu kiwezacho kumdhuru bakteria bila kuudhuru mwili wenyewe? Mwalimu na alitaje swali hilo waziwazi mbele ya wanafunzi wake, maana mtu asiyekuwa na swali hawezi kulitambua jibu hata likiwekwa mezani kwake.

Kamasi na machozi

Mnamo Novemba 1921 Fleming alipata mafua. Alichukua kamasi yake kidogo akaiweka katika sahani yenye lishe ya kuoteshea bakteria. Baada ya siku kadhaa, bakteria wa rangi ya manjano walikuwa wameenea katika sahani, lakini karibu na kamasi hawakuwako, na waliokuwa mbali kidogo walikuwa wameanza kuyeyuka na kuwa maangavu kama kioo. Palikuwa na kitu katika kamasi kilichokuwa kikiwayeyusha.

Hakuishia hapo. Alichukua maji yaliyojaa bakteria hao hata yakawa kama maziwa, akatia tone la chozi, na katika muda mfupi maji yakatakata. Tangu siku hiyo wafanyakazi na wanafunzi wa maabara wakawa wanakamuliwa maji ya limau machoni ili watoe machozi. Pamoja na msaidizi wake, V. D. Allison, alipima mate, usaha, maziwa, tishu mbalimbali za mwili, hata mimea. Kitu hicho kilikuwamo katika mengi ya hayo, na katika ute mweupe wa yai la kuku kilikuwamo kwa wingi sana. Wright alikipa jina la lisozaimu, kwa maana ya kimeng'enya chenye kuyeyusha, na bakteria yule wa manjano akaitwa Micrococcus lysodeikticus.

Taarifa yake ilichapishwa na Royal Society ya London mwaka 1922, lakini haikupokelewa kwa shangwe. Fleming hakuwa msemaji hodari; alizungumza kwa sauti ndogo na kwa maneno machache. Zaidi ya hayo, lisozaimu iliwayeyusha vizuri bakteria wasio na madhara, bali wengi wa wale waletao maradhi iliwashinda kidogo tu au haikuwashinda kabisa. Kama dawa, haikufaa. Hata hivyo Fleming aliendelea kuandika juu yake kwa miaka kadhaa, na jicho lake likazoea kutambua sura ya bakteria wanaoyeyuka.

Ukungu wa mwaka 1928

Katika mwezi wa Septemba 1928, aliporejea kutoka likizo, alizipitia sahani alizokuwa ameoteshea bakteria waletao majipu. Katika sahani moja ukungu ulikuwa umeota, na kandokando ya ukungu bakteria walikuwa wakiyeyuka. Sahani iliyoingiwa na ukungu ni jambo la kawaida katika maabara yoyote, na desturi ni kuitupa. Fleming aliona sura ileile aliyoiona miaka saba nyuma karibu na kamasi yake. Safari hii walioyeyuka walikuwa bakteria wa maradhi.

Aliuotesha ukungu huo peke yake, akatambua ni wa jamii ya Penicillium, na majimaji yake akayaita penisilini. Alithibitisha kwamba hayakuzidhuru chembe nyeupe za damu. Alichapisha taarifa yake mwaka 1929. Lakini yeye na wasaidizi wake hawakuweza kuitenga dawa yenyewe na majimaji hayo, kwa kuwa iliharibika upesi, na kazi ikalala.

Ni muhimu mwalimu asimamie ukweli katika jambo hili. Penisilini haikuwa dawa ya kutumika mpaka wengine walipoitwaa kazi. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Howard Florey alikuwa akivutiwa na lisozaimu, na mwenzake Ernst Chain alichunguza namna inavyofanya kazi. Mwaka 1937 lisozaimu ilipatikana Oxford ikiwa fuwele safi, na Chain na mwenzake wakaonyesha kwamba inachokikata ni mnyororo wa sukari. Ni katika kusoma maandishi juu ya vitu vya asili vinavyowashinda bakteria ndipo Chain alipoikuta taarifa ya Fleming ya mwaka 1929. Kwa hiyo ugunduzi uliodharauliwa ndio uliowafikisha watu kwenye ule uliosahauliwa. Tarehe 25 Mei 1940 panya wanane walitiwa viini vya maradhi. Wanne waliopewa penisilini walinusurika usiku ule, na wanne wasiopewa walikufa. Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa pamoja Tuzo ya Nobel.

Fleming alifariki tarehe 11 Machi 1955 kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's, London. Alikufa akijua kwamba lisozaimu huwayeyusha bakteria, lakini hakujua inavyowatambua. Jibu la swali hilo lilipatikana miaka kumi baadaye.

Namna kimeng'enya kinavyoutambua ukuta

Bakteria ni seli moja ndogo. Ndani yake mna maji yenye chumvi na vitu vingi vilivyoyeyuka, na kwa hiyo maji ya nje hulazimisha kuingia. Kinachomzuia bakteria asipasuke ni ukuta wake. Ukuta huo umefumwa kama wavu. Nyuzi zake ndefu ni minyororo ya sukari za aina mbili zinazopokezana, moja baada ya nyingine. Kwa ufupi tuziite G na M. Nyuzi hizo hushikamanishwa na viungo vifupi vya asidi amino vinavyoota kutoka katika sukari ya M. Seli za mwili wa binadamu hazina ukuta wa namna hiyo. Basi kitu chochote kiutambuacho ukuta huo humtambua adui bila kumgusa mwenye nyumba.

Mwaka 1965 David Phillips na wenzake, miongoni mwao Louise Johnson, wakifanya kazi katika Royal Institution mjini London, walipitisha mionzi ya eksirei katika fuwele za lisozaimu ya ute wa yai, wakapata umbo lake zima. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza ambacho umbo lake lilijulikana hivyo. Ni mnyororo mmoja wa asidi amino 129, uliojikunja kama donge. Upande mmoja wa donge hilo una ufa mrefu, na ndani ya ufa mna nafasi sita, kila moja ikitosha sukari moja.

Utambuzi huenda kwa hatua. Kwanza, lisozaimu ina chaji chanya, na uso wa bakteria kwa kawaida una chaji hasi, hivyo huvutana. Pili, mnyororo wa sukari huingia katika ufa, na kuta za ufa huushika kwa vifungo vingi vidogo vya haidrojeni. Kila kifungo peke yake ni dhaifu, lakini vikijumlishwa hushika barabara. Tatu, nafasi hizo sita hazipokei kila kitu. Sukari ya M ina tawi lililochomoza ambalo G haina, na nafasi ya tatu ni finyu, haiwezi kulipokea tawi hilo. Basi G peke yake huweza kukaa katika nafasi ya tatu. Na kwa kuwa sukari hupokezana, M hulazimika kukaa katika ya pili, ya nne na ya sita. Kwa njia hiyo mnyororo hukaa kwa mpango mmoja tu, na mahali pa kukatwa huwa palepale kila mara, yaani kati ya nafasi ya nne na ya tano.

Hapo ndipo asidi amino mbili zinapofanya kazi, moja ikiwa ya 35 na nyingine ya 52 katika mnyororo wa lisozaimu. Ile ya 35 hutoa haidrojeni na kukivunja kiungo. Ile ya 52 huishika kwa muda sukari iliyobaki. Namna ya kushika huku ilibishaniwa kwa miaka mingi, mpaka majaribio yaliyochapishwa mwaka 2001 yalipoonyesha kwamba ni kifungo halisi cha kikemia. Kisha molekuli ya maji huingia, sukari huachiwa, na kimeng'enya huwa huru kuanza upya. Uzi baada ya uzi hukatwa, wavu hulegea, maji huingia, na bakteria hupasuka. Hiyo ndiyo sababu maji yaliyokuwa kama maziwa yalitakata mbele ya Fleming.

Sasa twaweza pia kueleza kwa nini wengine hawakushindwa. Bakteria wa makundi mengi wana utando mwingine nje ya ukuta, unaoizuia lisozaimu isiufikie. Wengine, kama yule wa majipu, huongeza kijitawi kingine juu ya sukari ya M, na mnyororo hauingii tena vizuri katika ufa. Jambo hili la pili lilielezwa kwa bakteria huyo mwaka 2005.

Penisilini nayo huugusa ukuta uleule, ila kwa njia nyingine. Haikati uzi wowote. Hukiziba kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, kile kinachofunga viungo vya asidi amino kati ya nyuzi, hata bakteria akuapo hujenga ukuta usio na mafundo. Lisozaimu ni mfano wa mtu akatae wavu kwa kisu. Penisilini ni mfano wa mtu amfungaye mikono mfumaji.

Matumizi darasani

Kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, mwalimu aweza kuufanya utambuzi huu uonekane kwa macho. Atayarishe uzi uliotungwa punje za mahindi na maharage kwa kupokezana, na kila harage lichomekwe kijiti kifupi. Punje ya mahindi ni G, harage ni M, na kijiti ni lile tawi. Kisha afinyange donge la udongo lenye ufa wa mashimo sita, la tatu likiwa finyu lisilopokea kijiti. Wanafunzi wajaribu wenyewe kuulaza uzi. Watakuta kwamba unakubali kwa mpango mmoja tu, na watapaona mahali pa kukata kabla ya kuambiwa. Mwisho waongeze kijiti cha pili juu ya maharage, waone uzi unavyokataa kuingia. Kwa zana hizo za udongo na nafaka watakuwa wamefikia maana ya kimeng'enya kuchagua kazi yake.

Pana tahadhari tatu. Ya kwanza, majaribio ya kuotesha bakteria kutoka puani au kinywani yasifanywe darasani, maana hatuna njia salama ya kuwateketeza baadaye. Ya pili, mwalimu asirudie hadithi isemayo kwamba baba yake Fleming alimwokoa Winston Churchill utotoni na kulipwa gharama za masomo ya mwanawe. Hadithi hiyo si kweli, na Fleming mwenyewe aliikana. Ya tatu, somo lisiishe kwa sifa za dawa. Katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945, Fleming alionya kwamba penisilini ikitumiwa kwa kiasi kidogo kuliko kipasacho, bakteria watajifunza kuihimili. Onyo hilo limetimia, na maradhi mengi yaliyokuwa yakitibika kwa urahisi sasa yana usugu. Mtoto ajuaye kwamba bakteria huweza kubadili ukuta wake, au kutengeneza kimeng'enya cha kuiharibu dawa, ataelewa kwa nini vidonge alivyoandikiwa na mganga havigawanywi kwa jirani wala haviachwi kwa sababu homa imeshuka. Ataweza pia kuwaeleza hivyo wazazi wake nyumbani, na pengine maneno yake yatasikilizwa kuliko bango la zahanati.

Maswali ya kufunga somo na yawe ya kufikiri, si ya kukariri tarehe. Kwa nini Fleming hakuitupa sahani ya mwaka 1928, ilhali wengine wangeitupa? Kwa nini chozi haliyadhuru macho yetu wenyewe, nalo huwayeyusha bakteria? Ni kazi gani ambayo Fleming hakuweza kuimaliza, na nani waliimaliza? Mwanafunzi atakayeyajibu hayo kwa maneno yake mwenyewe atakuwa ameelewa kwamba bahati ilimkuta mtu aliyekuwa amekaa miaka saba akitazama jambo la namna ileile, na kwamba hata mtu huyo alihitaji wenziwe ili kazi ifike mwisho.